Chuma Kinachozuia Mlango

Gumato mwanangu, salaam aleikum.

Ninakuandikia nikiwa bandani, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi nimeiweka juu ya madigadi ya trekta. Nyumba yangu imetekwa. Mama yako na wanawake wa mtaa wetu wa Wabera wameingia na hina, na buli, na nyimbo, nami nimetolewa kwa heshima, kama jogoo aliyekutwa jikoni. Kandili ninayo. Nitaandika mpaka mafuta yaishe au mama yako aniite chakula, na kwa jinsi ninavyowasikia wakicheka humo ndani, mafuta yatatangulia.

Sitakuambia habari za blanketi. Najua Marsabit kuna ukungu na baridi, na mama yako ameshalisema hilo mpaka hata mbuzi wetu wanajua. Sukari, majani ya chai, namna ya kumwamkia mama mkwe, sanduku lipi lisiwekwe juu ya lori, hayo yote yana mwenyewe. Mimi nataka kujibu swali lako.

Leo mchana nilikuwa nikileta gunia la mkaa. Nilisimama nyuma ya dirisha nipumzishe mgongo. Sikuwa ninachungulia, ingawa nilisikia vizuri kuliko mtu anayechungulia. Wanawake walikuwa wakikupa mawaidha, na wewe ulisikiliza kwa adabu, kisha ukauliza kwa sauti ndogo: "Na nikishindwa?"

Wote wakacheka. Mmoja akasema, "Wewe utazoea tu. Sisi wote si tulizoea?" Wakacheka tena. Shangazi yako Dansoye alikuwa humo ndani, na kicheko chake sikukisikia. Mimi baba yako ningeweza kugonga dirisha nikakujibu. Badala yake nilijitwika gunia langu nikaenda, kama mtu asiyehusika. Jambo hilo nimelibeba tangu adhuhuri.

Jibu langu linaanzia mbali kidogo, kwenye chuma kile kinachozuia mlango wetu. Unakijua vizuri. Kilikuumiza kidole cha mguu ulipokuwa darasa la kwanza na kovu unalo mpaka leo. Uliniuliza ni nini, nikakwambia ni chuma. Ukauliza chuma cha nini, nikakwambia nenda kasome. Basi umeshasoma, umemaliza, na bado hujui, kwa hiyo nitakwambia. Ile ni kabureta ya trekta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Niliinunua mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya. Kazi ya maana ambayo imewahi kufanya ni hiyo ya mlango.

Wewe umenijua kama mkulima. Zamani, kabla ya ukame kumaliza mifugo ya watu, nilikuwa dalali wa ng'ombe na ngamia hapa Isiolo. Nilikuwa na jicho. Nilimzunguka fahali, nikampapasa mbavu, nikamfungua mdomo nione meno, na bei niliyoitaja ndiyo iliyosimama. Unajua desturi ya soko letu: mnyama akionekana na kasoro baada ya kununuliwa, mnunuzi anamrudisha kwa dalali aliyemsifia, mbele ya watu, na dalali anainamisha kichwa. Dalali anayerudishiwa wanyama hukosa wateja. Mimi sikuwahi kurudishiwa hata mbuzi. Wenzangu walinitania kwamba Guyo harudishi na harudishiwi, nami nililichukua hilo kama cheo. Nililivaa mpaka nyumbani.

Soko lilipolala, niliungana na Mutwiri, huyu huyu baba yako mdogo wa Kimeru ambaye kesho atakuletea ndizi hata ukimkataza. Yeye alikuwa ameshuka kutoka milimani, alikuwa na shamba kando ya mto na akili ya udongo. Mimi nilikuwa na ng'ombe wachache waliobaki, nikawauza. Tukanunua trekta hili nililoegemea sasa, huko Timau, kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Hata wakati ule lilikuwa zee. Linawashwa kwa petroli, na likishapata moto unaligeuzia mafuta ya taa. Wewe ulilipenda kwa sababu lilikohoa kama babu yako.

Kabureta yake ya asili ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kiboya cha ndani, kinachozuia petroli isizidi, kilikuwa kikikwama, petroli inafurika na kumwagika chini. Kila dereva wa zamani anajua dawa yake: unaigonga polepole kwa mpini wa spana, kiboya kinaachia. Asubuhi moja kilikwama nikiwa na hasira zangu za soko, nikaigonga kama mtu anayeua nyoka. Ikapasuka ubavuni.

Mvua zilikuwa zimekaribia. Watu wa kando ya mto walikuwa wakitusubiri tuwalimie, na Mutwiri alikuwa ameshaweka mbegu zake kando. Alisafisha ile iliyopasuka kwa mkono wake, akaifunga ndani ya kipande cha gunia, akanipa.

"Aba Gumato, enda na hii Nanyuki," aliniambia. "Wao waione, ndiyo wakupatie kama hiyo."

Nilipokea, nikasema sawa. Kisha nilipotoka nikaiacha nyuma ya mlango. Unaweza kucheka, mimi mwenyewe sasa ninacheka. Wakati ule niliona ni aibu. Mtu akienda kununua fahali, je, hubeba mzoga wa yule aliyekufa? Nilikuwa na macho yangu, ningeichagua nikiiona.

Mwenye duka la vipuri alikuwa mzee wa Kihindi, mtu wa taratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimwambia ninataka kabureta ya trekta dogo la kijivu. Akauliza, "Iko wapi ile ya zamani?" Nikamwambia sikuileta. "Namba yake?" Nikamwambia sijui namba. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Wewe leta mzee yake," akasema, "mimi nitapata ndugu yake."

Hata hivyo aliniwekea mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, imetumika, ina rangi ya majivu na kovu la bisibisi. Ya pili ilikuwa mpya, kubwa, inang'aa, na mdomo wake mpana hata ungeingiza vidole viwili. Gumato, niliifungua mdomo ile kubwa nikachungulia ndani, wallahi, kama ninayetafuta meno. Niliipima uzito mkononi. Nikasema moyoni, hili ndilo dume. Waswahili wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda changu nilikichagua mwenyewe.

Mzee aliniambia anadhani hiyo ni ya injini kubwa zaidi, lakini bila kuiona ya zamani hawezi kuapa. Akanipa ruhusa ambayo mfanyabiashara hatoi bure. "Jaribu kuweka. Usitie petroli, usiguse na tupa. Ikikataa, rudisha, mimi nitakupa ile ndogo." Nilimwambia, kwa sauti ya dalali, kwamba mimi sina mazoea ya kurudisha vitu.

Ilikataa. Matundu ya boliti hayakulingana na ya injini, na koo lake lilikuwa pana kuliko lile la kuipokea. Mutwiri aliitazama mara moja tu.

"Hii tuirudishe," akasema.

"Itaingia," nikamjibu.

Nikachukua tupa. Nilikaa hapa hapa bandani nikiyakata yale matundu, nikayapanua mpaka yakawa marefu kama macho ya mbuzi. Nikatengeneza gasketi ya kuziba mwanya kwa ngozi ya kiatu. Nikaifunga. Na trekta, mwanangu, liliwaka. Lilinguruma mpaka kuku wakaruka ukuta, moshi mweusi ukafunika boma, na mama yako akatoka na kibao cha kusukumia chapati kuuliza kama tumeshambuliwa. Mimi nilisimama katikati ya moshi ule nikitabasamu. Lakini tuliposhusha jembe kwenye udongo, likapiga hatua chache likafa. Tukaliwasha, likanguruma, likafa. Injini ile ndogo haikuwa na pumzi ya kuvuta kupitia koo pana namna ile. Petroli ilimiminika tu, plagi zikawa nyeusi tititi.

"Inakunywa tu," Mutwiri alisema. "Haifanyi kazi."

"Itazoea," nikamwambia.

Akanigeukia. "Chuma inazoea nini, Aba Gumato?"

Nikakasirika. Lakini usinione mjinga kabisa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona ngamia mgeni akiletwa bomani, akikataa maji, akigeuza shingo kutazama alikotoka. Unamfunga karibu na mwenzake, unampa muda, siku moja anakunywa. Kila kitu nilichokijua kilikuwa na roho, na chenye roho huzoea. Hivyo nikaendelea kukata chuma kwa tupa, kusafisha plagi, na kusema itazoea, huku mawingu yakikusanyika upande wa milima ya Nyambene.

Ni katika siku hizo hizo ndipo shangazi yako alipokuja.

Hili hujaambiwa na mtu yeyote, kwa sababu Dansoye ana heshima na mimi nilikuwa na woga. Alikuwa ameolewa Korbesa, karibu na Merti, na mimi kama kaka mkubwa ndiye niliyemtoa. Alishuka kwenye lori la mifugo, vumbi mpaka kwenye kope, na kifurushi kimoja tu cha nguo zake. Alinikuta hapa, kabureta mapajani na tupa mkononi. Sikuinuka.

"Nimerudi, ndugu yangu," akasema.

Nikamuuliza, amekupiga? Akasema hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Sasa nini?

Akaweka kifurushi chake chini. "Nikiongea pale, ni kama sijaongea. Hata mbwa wakibweka mtu anageuka. Mimi hapana."

Ningekuwa mtu wa kusikia ningesikia hapo. Mimi niliwaza ng'ombe walioletwa kwa ajili yake, waliokwisha kuuzwa na kuliwa. Niliwaza watu wa sokoni wakisema leo Guyo amerudishiwa. Niliwaza jina langu. Nilikuwa nimeshindwa na chuma siku hiyo, sikutaka kushindwa na kitu kingine. Nikamwambia, "Rudi. Sisi haturudishi. Utazoea." Kisha nikaendelea kupiga tupa, ili asinione uso.

Lori lilipokuwa likirudi Merti nilimpandisha mimi mwenyewe. Mama yako alimfungia Dansoye chapati, na mimi jioni ile nikapewa chai kavu, na kesho yake pia, nikajifanya sijui sababu.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha vizuri, hiyo ndiyo iliyouma. Watu tuliowaahidi walilima kwa jembe la mkono na wengine kwa punda, kila mtu alivyoweza. Mutwiri alipanda kipande kidogo tu, kwa kuchelewa, na mahindi yake yalikauka yakiwa yamefika magotini. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Baada ya hapo ndipo nilipoifungua kabureta, nikaifuta, nikaipeleka Nanyuki. Mzee aliigeuza mara moja. Akaingiza kidole chake kwenye moja ya yale matundu niliyoyakata, akakizungusha, kisha akaisukuma polepole kuja upande wangu. "Hii sasa si yangu," akasema, "na si ya trekta yako. Si ya mtu yeyote." Ile ndogo ilikuwa imeshauzwa. Hakunicheka. Aliniita chai, tukanywa.

Mutwiri ndiye aliyemaliza kazi. Aliichukua ile iliyopasuka nyuma ya mlango, ndani ya gunia lake lile lile, akazunguka nayo mashamba ya Timau mpaka akakuta trekta bovu limeota nyasi. Akaziweka pamoja, moja juu ya nyingine, zikalingana. Ile aliyoileta ilikuwa mbaya ya sura, ina kutu, hata kuku asingeiparua. Ndiyo iliyokulipia karo. Iko hapa mbele yangu sasa, inanuka mafuta ya taa.

Ile kubwa nilitaka kuitupa mtoni. Mama yako akaniambia, "Leta hapa. Huu upepo unapiga mlango kila siku. Angalau ifanye kazi moja." Nikadhani ananikejeli, na nadhani ni kweli alikuwa akinikejeli.

Na Dansoye? Shangazi yako hakuzoea. Alivumilia Korbesa mpaka alipokonda kama fimbo, kisha akaondoka mwenyewe. Hakuja kwangu. Alipanga chumba mtaa wa Kiwanjani, hapa hapa mjini, akaanza kuuza maziwa ya ngamia. Wewe ulidhani mama yako anapenda sana maziwa, kumbe alikuwa akienda kumwona wifi yake. Mimi nilikuwa nikipita njia nyingine. Mji huu ni mdogo, Gumato, na kumkwepa mtu ndani yake ni kazi kama ya kuajiriwa.

Siku niliyochoka nilikwenda asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na mbele yake yalinipotea yote. Nikasema tu, "Dansoye, nilikosea." Yeye hakuniambia yaliyopita si ndwele. Hakulia. Alichota maziwa, akanipa kikombe, akasema, "Kunywa kwanza." Nikanywa. Nililia mimi, ukitaka kujua, na mtu mmoja aliyekuja na mtungi wake akageuka akaenda kungoja nje.

Nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa lipi hasa. Kuchagua vibaya si kosa kubwa. Hata mzee wa dukani hakunilaumu kwa kuchagua. Alijua mtu anaweza kukosea mbele ya meza, ndiyo maana akaniachia mlango wa kurudi. Kosa langu lilikuwa tupa. Kila nilipokata kidogo ili iingie, nilikuwa ninajifungia mlango ule, na mwisho nikawa nimeharibu kitu ambacho kingemfaa mtu mwingine. Na dada yangu nilimwambia ajikate yeye mwenyewe, polepole, mpaka aenee. Alipungua kweli. Na bado hakuenea.

Sasa usije ukaenda kumwambia Galgalo kwamba baba amekufananisha na kabureta. Ni kijana mzuri, umemchagua wewe, na mimi nimemtazama kwa jicho langu la sokoni na sikuona kasoro, isipokuwa anatembea kwa haraka mno. Lakini wewe unajua jicho langu lina thamani gani. Ninakuombea mzeeke pamoja mpaka muanze kufanana. Mambo mengi utayazoea kweli: baridi, chumvi ya mama mkwe, kukoroma. Kuna mazoea matamu, na mama yako ni shahidi, kwa sababu mimi si mtu rahisi kuzoeleka. Sikuandikii ili uende huku umegeuza shingo kama yule ngamia.

Nakuandikia kwa sababu uliuliza, "Na nikishindwa?", na watu wakacheka.

Ukishindwa, rudi. Usingoje ukonde. Usitafute sababu kubwa ya kunipa, kovu au njaa. Ukiona unaongea ni kama hujaongea, hiyo inatosha. Hutaulizwa kitu mlangoni. Utapewa maziwa kwanza.

Wale ng'ombe walioletwa kwa ajili yako sijauza hata mmoja, na dalali mzima kukaa na ng'ombe bila kuuza ni mateso, niamini. Hawataliwa. Nimewaacha zizini kwa sababu nakumbuka kilichonifanya nimrudishe dada yangu, na sitaki siku moja nikutazame wewe usoni huku nikihesabu ng'ombe wasiokuwepo. Galgalo anajua. Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, mbele ya Mutwiri. Aliinamisha kichwa akafikiri, kisha akasema, "Baba, hawa ng'ombe watazeeka bure." Jibu hilo lilinipendeza kuliko ng'ombe wenyewe.

Mama yako ameniita mara mbili, hivyo mafuta yameshinda. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi hizo zenye sifa, ili uikute mkishafika na nyumba imetulia. Asubuhi, msafara wa magari ya Marsabit ukipangwa pale kwenye kizuizi cha barabara, nitakuwa nikifunga kamba ambazo zimeshafungwa. Nitasema maneno machache na ya kipuuzi. Usinielewe vibaya. Yale niliyotaka kusema yako hapa.

Upepo umeanza. Nimeinua kandili nikatazama upande wa nyumba, na mlango uko wazi, mwanga na vicheko vyenu vinamwagika mpaka uani. Kile chuma kiko pale pale kilipokuumiza kidole, kimeuzuia usijifunge. Mutwiri alinishauri juzi kwamba kwa kuwa nyumba itakuwa na wageni, nikiondoe watu wasijikwae. Nimemwambia wajikwae.

Mungu akutangulie njiani na akukalishe kwa amani, mama yangu mdogo.

Baba yako,
Guyo